Selimundu: dawa mpya tunazijaribu, ya zamani inatupiga chenga

Juzi mtaani Nyalenda, Kisumu, nilimtazama mama akifungua kapsuli ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Ni ya miligramu 500, kipimo cha mtu mzima, na mwanawe wa kilo 12 anahitaji kama nusu yake. Alimimina unga kikombeni, akatia maji, akakoroga, akavuta nusu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Iliyobaki akaimwaga. Dawa hiyo alikuwa ameizungukia maduka matatu.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeenea ukanda huu wa ziwa kwa sababu anayerithi jeni yake kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kwa hiyo habari ya dawa mpya hatuipuuzi.

Mojawapo, voxelotor, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Mwaka 2022 Pfizer iliinunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 5.4, na Septemba 2024 ikaiondoa sokoni dunia nzima. Katika jaribio moja la watoto, ambalo Kenya ilishiriki, waliokuwa wakiitumia walifariki wanane. Waliopewa tembe zisizo na dawa, wawili.

Wapo wanaosema tumegeuzwa panya wa maabara. Uchungu wao nauelewa, maana hao ni watoto wa watu. Hata hivyo, sitaki majaribio yahamishwe. Dawa hiyo ilikuwa tayari inauzwa ng'ambo. Bila majaribio ya huku, siku moja tungeimeza kwa imani tu. Kampuni nazo zina hoja: fedha nyingi zilizama pale, na bila tumaini la faida hakuna ambaye angethubutu.

Tatizo ni kwamba tumaini hilo huelekea penye pesa. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Juu ya hapo kuna kemotherapi kali na wiki kadhaa za kulazwa. Nani huku ataifikia?

Haidroksiyurea, dawa kongwe ya saratani, haina hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, ya kugombaniwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, uliowapa dawa hiyo watoto 606 katika nchi nne, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, ulionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Tembe za miligramu 100 zipo duniani. Hakuna cha kuvumbua. Kinachokosekana ni mnunuzi, na hapo lawama naipeleka kwa serikali zetu kabla ya kampuni.

Kampuni ikija kuomba wagonjwa wetu kwa jaribio lijalo, kamati za maadili ziidai kwanza mkataba: dawa ikifaulu, itauzwa hapa kwa bei gani, kuanzia mwaka gani, na waliojitolea wataendelea kuipata kwa muda gani. Hayo yaandikwe kabla mtoto wa kwanza hajatolewa damu.