Ukuta kando ya Themi: unamlinda nani?

Masika ikikolea, wenye nyumba kando ya mito ya Arusha, iwe Themi, Naura au Kijenge, huona ukingo ukimeguka, na mjadala wa ukuta wa kuzuia udongo unaanza upya.

Wanaoutaka wana hoja nzito. Nyumba imeshasimama na mto unakula kiwanja. Humwambii mtu apande matete asubiri yashike mizizi.

Upande wa pili kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukuta wa mawe na saruji ni wa kudumu, hilo halina ubishi. Ila ziko nyumba zilizojengwa kabla ya sheria hiyo, na kumkumbusha mwenyewe mita 60 hakuzuii ukingo wake kuporomoka.

Mimi kinachonipa wasiwasi zaidi ni ujenzi wenyewe. Watu huogopa mto ulio mbele, kumbe mara nyingi ukuta huangushwa na maji yaliyotuama nyuma yake. Ukuta wenye kimo cha mita 2 ukijaa maji nyuma husukumwa kwa takriban tani 2 katika kila mita ya urefu wake kando ya mto. Upandishe hadi mita 3, zinakuwa tani 4.5. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hujaza kokoto nyuma na kupitisha vipande vya bomba vya kutolea maji. Bajeti ikibana, hivyo ndivyo vya kwanza kukatwa, kwani havionekani siku ya kukabidhiwa kazi. Baada ya misimu michache ukuta unaota kitambi.

Halafu kuna jirani wa ng'ambo. Maji yaliyozuiwa kwako hayapotei, yanamchimba yeye, naye akijenga, mto unabanwa pande zote.

Kwa hiyo ukuta unaofuata ukingo ulivyo, kulinda nyumba iliyopo, naukubali; tena bora gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, kwa kuwa yanapitisha maji na hujikunja kidogo bila kupasuka. Ukuta unaosogezwa mtoni ili nyuma imwagwe moramu na kupatikana maegesho ya gari, huo naukataa hata ukijengwa na fundi bora mjini. Themi inamwaga maji yake Kikuletwa, mto wa bonde la Pangani, kwa hiyo wa kuulizwa ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kabla lori la mawe halijashusha mzigo.