Bati la Kizimkazi Dimbani haliniumizi, saruji ndiyo inayoniumiza

Juzi nilikuwa nje ya msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, nikisubiri adhuhuri. Vijana wawili waliotoka kutazama pomboo walipita, mmoja akalitupia jicho paa la msikiti, akasema, "Kumbe bati tu!" Wakaenda zao. Niliingia kusali nina donge kooni.

Angevua viatu akaingia, angeiona kibla. Pale kwenye tumbawe pamechongwa maandishi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu: Sheikh Abu Imran aliamuru msikiti ujengwe, mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Herufi zimesimama wima, vichwa vyake vimechanua mfano wa majani, na mtindo wake ni ndugu wa ule wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi kwenye Ghuba. Tumbawe la namna hiyo huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini, maana likishapigwa na upepo hugeuka gumu. Kuta nyingi zilijengwa upya karne ya 18, sibishi. Lakini watu wa Dimbani bado wanasali mbele ya kibla ile ile. Mzee mmoja aliniambia wao huipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Na bati lenyewe nalishukuru. Jengo la mawe na chokaa likikosa paa, mvua hulimaliza. Nenda kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, ukajionee.

Ninachokiogopa ni saruji. Kuna kijiji, sitakitaja, nilikokuta msikiti wa kale unapigwa lipu ya saruji kwa michango ya waumini, na kwa nia njema kabisa. Nilirudi baada ya masika mawili. Chini ya dirisha niligonga lipu kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Kipande kilipobanduka kilitoka na chokaa ya zamani, na nyuma yake palijaa unga mweupe wa chumvi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, na chumvi inalila jiwe ndani kwa ndani huku nje panang'aa. Ukija kujua, umeshachelewa.

Haya, chokaa ina kazi. Inataka kuni nyingi, inataka kulowekwa na kusubiriwa, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Mfuko wa saruji uko dukani hapo. Nawaelewa wanakamati wanaohesabu sadaka za Ijumaa.

Ila nawaomba, jamani: kabla hamjachanganya saruji kwa ajili ya ukuta wa kale, mwiteni kwanza fundi wa chokaa, na watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali, wajue. Na kila msikiti wa namna hii utoe vijana wawili wa kijijini wakae na fundi huyo msimu mzima, washike mwiko wenyewe, fundi angali na nguvu za kupanda ngazi.