Siku Tatu kwa Aya Moja

Nilidhani kuongeza aya moja kuhusu Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa Kisiwani, katika kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea kungenichukua nusu saa. Kumenichukua siku tatu, na aya yenyewe haipo.

Siku ya kwanza ilimalizwa na mabano. Kiungo cha ndani kinataka mabano mraba mawili kila upande, kigezo (kipande cha ukurasa kilichotayarishwa ili kitumike tena) kinataka yale mabano yenye kiuno, na ukisahau kufunga moja tu, ukurasa mzima unavurugika bila kukuonyesha kosa lilianzia wapi. Saini nayo ni vijiwimbi vinne (~~~~), ambavyo kwenye simu yangu nilivitafuta kama sindano iliyodondoka mchangani.

Tanbihi ndizo zilizoniudhi zaidi. Niliandika, kwa kutaja vitabu, kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kwamba magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini kwa kuwa sentensi moja, ile ya simulizi za wazee wa kisiwani, haikuwa na chanzo kilichochapishwa, aya nzima ilifutwa ndani ya dakika chache. Sipingi kanuni ya uthibitisho, ingawa maarifa mengi ya pwani yetu bado yamo vinywani mwa watu. Ninachouliza ni kwa nini aliyefuta hakuondoa sentensi hiyo moja na kuziacha nyingine. Maelezo aliyoniachia ni vifupisho vitatu, na mpaka sasa natafuta ukurasa unaovifafanua.