Kusomea Sheria Ukubwani: Hesabu ya Mtu wa Tanga

Mtu wa Tanga anayetangaza kwamba ameanza shahada ya sheria akiwa na miaka arobaini na kitu hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaompongeza na kumkumbusha kwamba elimu haina mwisho, na wapo wanaomwuliza, kwa kejeli ya barazani, atamtetea nani na mvi zile. Wote hao wanazungumzia umri wake, ilhali ninavyoona mimi umri ni sehemu ndogo tu ya shauri. Sehemu kubwa ni kazi anayotaka elimu hiyo imfanyie, na kama njia ya kuifikia inapitika kwa mtu mwenye ajira, watoto wanaosoma na wazazi wanaomtegemea.

Mwanafunzi mtu mzima si jambo geni nchini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifanya hali hiyo kuwa ndiyo kawaida, kwa kuwa mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi walau miaka miwili, ndipo akafikiriwa. Hoja ilikuwa kwamba aliyekwisha kufanya kazi anajua anachokwenda kukitafuta. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye kwa sababu zake, lakini hoja yenyewe sijaona aliyeivunja, na kwa somo la sheria ina uzito wa pekee.

Tuchukue mirathi, ambayo ndiyo mashauri yanayoifikia karibu kila nyumba ya Ngamiani au Makorora. Kijana wa miaka 20 husoma kwamba mahakama ya mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, akakariri kifungu na kwenda zake. Mtu wa miaka 45 huenda amekwisha kukaa kwenye kikao cha familia, akaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, akamsikiliza shangazi anayedai nyumba ni ya ukoo na mjane anayesema aliijenga pamoja na marehemu, akafuatilia cheti cha kifo, na mwisho akajazishwa Fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni na Fomu namba 6 ya mgawanyo. Anajua kwamba ugomvi mwingi huanza msimamizi anapojiona mrithi mkuu na kukaa na mali bila kurudisha hesabu mahakamani. Mtu huyu akikutana na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kila kifungu kina sura ya mtu anayemfahamu.

Hata hivyo, uzoefu huohuo ndio unaomwangusha kwenye mtihani. Swali la mtihani wa sheria linataka mtahiniwa abainishe hoja inayobishaniwa, ataje kanuni, aitumie kwa ukweli uliotolewa, kisha afikie hitimisho. Mtu mzima aliyezoea kusuluhisha huanzia kwenye suluhu. Huandika lile ambalo wazee wangelipendekeza, tena mara nyingi ni pendekezo la busara, lakini mtahini anatafuta mamlaka ya mahakama, muda wa ukomo na haki ya mdai kusikilizwa. Kujifunza upya namna ya kufikiri ni kazi ngumu zaidi kuliko kujifunza jambo jipya, na ni vyema anayejiandikisha alijue hilo kabla ya kulipa ada.

Kuna pia suala la lugha. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na hilo ni habari njema kwa mtu wa pwani anayejua kujenga hoja kwa lugha yake. Lakini darasani Kiingereza bado kinatawala. Mwanafunzi wetu anarudi kazini jioni, anafungua kitabu na kukutana na Donoghue dhidi ya Stevenson, shauri la 1932 kutoka Uskoti kuhusu konokono anayedaiwa kuonekana ndani ya chupa ya kinywaji, na kwa saa nzima anapambana na sentensi za Kiingereza za majaji ili apate kanuni ambayo angeelezwa kwa Kiswahili angeishika kwa dakika tano. Kijana naye anateseka, isipokuwa yeye hana zamu ya asubuhi bandarini wala mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya Bombo.

Masomo ya shahada yenyewe si lazima yamhamishe Tanga. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kina kituo chake mkoani, na Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinachotoa astashahada na stashahada ya sheria. Ugumu unaanza baada ya shahada. Kwa Sheria iliyotungwa mwaka 2007, anayetaka uwakili hana budi kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Shule ya Sheria, na yeyote anayelenga uhakimu mkazi au uwakili wa Serikali huulizwa cheti chake hichohicho. Makao yake yako Dar es Salaam, takribani kilomita 350 kutoka Tanga. Ni mafunzo ya mwaka mmoja, darasani kisha mahakamani na kwenye ofisi za mawakili, na wala si ya kuhudhuria mtu akijisikia. Aliyesoma shahada yake usiku bila kuacha kazi anajikuta anatakiwa kuomba ruhusa ndefu kwa mwajiri, kupanga chumba mji mwingine na kuacha nyumba ikijiendesha.

Tena si mwaka wa kwenda kumaliza tu. Mwaka 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya kundi moja la wanafunzi 633, ambapo 26 pekee walifaulu masomo yote, 342 wakatakiwa kurudia baadhi na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sioni sababu ya kuyatumia matokeo hayo kuwasema watu wazima, kwani anguko lile halikuchagua umri. Linalowahusu ni kwamba kurudia mtihani kwa kijana anayeishi kwa mjomba wake Kimara, Dar es Salaam, si sawa na kurudia kwa mwenye familia Tanga.

Sasa hesabu ya miaka. Anayeanza akiwa na miaka 46 na kusoma huku anafanya kazi atamaliza shahada kwenye miaka 50 au 51, na akienda moja kwa moja Shule ya Sheria bila kukwama ataapishwa akikaribia 53. Ujaji asiuhesabu: Katiba inataka jaji awe amekuwa na sifa za kisheria zinazotajwa humo kwa muda usiopungua miaka kumi, na jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60. Ajira mpya serikalini nazo hutangazwa kwa wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari ndani ya utumishi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa miaka kadhaa imeweka ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji, kwa hiyo ada inatoka mfukoni au kwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Kinachobaki ni uwakili wa kujitegemea, na hapo upande wa pili wa mizani unapata uzito wake, maana wakili hastaafishwi. Mtumishi anayestaafu akiwa na miaka 60 na leseni ya uwakili yenye miaka saba ana kitu ambacho wenzake waliowekeza kiinua mgongo kwenye daladala hawana.

Nikipima yote, naona anayenufaika ni yule ambaye sheria inakuja kukaa juu ya ujuzi alio nao. Wakala wa forodha aliyeshughulika na mizigo ya Bandari ya Tanga miaka 20, ofisa ardhi aliyezoea migogoro ya mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, mhasibu anayejua mahesabu ya ushirika: hawa wakiapishwa leo, kesho wana wateja, kwa sababu wateja hao walikuwa wanawafahamu kabla ya leseni. Mwenye kuikimbia kazi iliyomchosha na kutumaini kwamba joho litamwanzishia maisha atashindana na mawakili vijana kwa kazi za kugonga mihuri ya viapo, na vijana watamshinda kwa miguu na kwa bei.

Na yupo wa tatu, ambaye hataki kupata riziki kwa sheria, anataka tu majirani zake wasidhulumiwe. Huyu simshauri kutumia miaka saba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, ambaye hupata mafunzo mafupi, husajiliwa, na anaweza kumweleza mjane haki zake na kumwonyesha pa kwenda, ingawa hawezi kusimama mahakamani kumwakilisha wala kumtoza fedha. Kwa mtaa wa Mikanjuni huenda huyo akafaa watu wengi zaidi kuliko wakili mmoja.

Lawama yangu kwa mfumo ni moja. Tanga ina Mahakama Kuu, ina mawakili wazoefu, na mkoa una chuo kizima cha mahakama kule Lushoto. Kufundisha sehemu ya darasani ya mafunzo ya vitendo kwenye kanda, au jioni kwa miezi mingi zaidi, si jambo lisilowezekana. Wanaopinga watasema viwango vitashuka, na baada ya matokeo ya 2022 hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini kiwango hulindwa na mtihani, na mtihani unaweza kuwa uleule mmoja kwa wote. Hadi hapo, mtu wa miaka 46 anayekwenda kuchukua fomu ya shahada na ajiulize kwanza nani atalipa kodi ya chumba Dar es Salaam mwaka huo wa mwisho, na kama mwajiri wake atakubali. Asipokuwa na jibu, aanze na stashahada ya Lushoto au usaidizi wa kisheria, halafu shahada aifikirie akiwa amekwisha kuonja kazi yenyewe.