Mashine ya kurekodi isiyotunza maandishi haitufai

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme hapa Tabora mjini, uliza mashine ya kurekodi vipindi vya runinga. Utaelezwa ukubwa wa diski, utaelezwa ung'avu wa picha, kisha utahakikishiwa kwamba waranti ni ya mwaka mzima. Habari ya maandishi hakuna atakayeigusia. Msimamo wangu ni kwamba kama nyumbani kwako yupo asiyesikia, anza kuulizia maandishi, ung'avu wa picha utafuata. Mashine inayohifadhi picha na sauti halafu ikayaacha maneno njiani imemrekodia kila mtu sebuleni isipokuwa yeye.

Na kwa mji huu hilo si suala la watu wawili watatu. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ya kwanza nchini, na waliopita pale leo ni watu wazima wenye kazi na familia zao. Mdogo wangu ni mmoja wao. Anaishi Isevya na mkewe, naye pia hasikii. Wanapenda mpira, vipindi vya wanyama, na tamthilia ndefu zisizokwisha. Kipindi kikirushwa saa ambayo wako kazini, kurekodi ndiyo njia yao pekee ya kukipata, maana hawawezi kuegemea kusimuliwa na jirani aliyekisikia kupitia dirishani.

Maandishi ya kwenye runinga yako ya namna mbili, na wauzaji wengi huyachanganya. Yapo yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe, hayazimiki. Hayo kila mashine itayarekodi, hata simu iliyoelekezwa kwenye kioo. Filamu zetu za Bongo zimekuwa hivyo kwa miaka mingi, ila mara nyingi wahusika wanaongea Kiswahili na chini panaandikwa Kiingereza. Soko la nje nalielewa. Lakini mdogo wangu, aliyefundishwa Kiswahili darasani, anabaki kuungaunga Kiingereza ili ajue maneno ambayo mama yetu anayasikia bila kutoa jasho. (Zile filamu za nje zinazosimuliwa kwa Kiswahili kwenye vibanda vya video ndiyo usiseme. Raha yote ya mle iko kwenye sauti ya msimuliaji.)

Namna ya pili ni maandishi ya kuwasha na kuzima kwa rimoti. Hayo husafiri pembeni ya picha, na ndiyo yanayopotea.

Marekani walianza kuyarusha rasmi Machi 1980. Waliyaficha kwenye mstari wa 21 wa mawimbi ya analojia, juu kabisa, mahali ambapo kioo hakionyeshi. Mstari huo ulibeba herufi mbili kwa kila fremu, kama herufi 60 kwa sekunde. Mwendo huo ni wa taratibu, kwa hiyo hata kanda ya VHS, na ukungu wake wote, iliyashika bila matatizo. Sheria ya mwaka 1990 ikaja kulazimisha kila runinga ya inchi 13 na kuendelea iwe na kifaa cha kuyasoma ndani yake, kuanzia Julai 1993. Matokeo yake, mtu wa kule aliweza kurekodi kwa deki yoyote ile, akaiweka kanda baada ya miaka, maneno yakatokea. Ulaya walikwenda njia ya teleteksti, yaani kurasa za maandishi zilizorushwa pamoja na picha. Kwa Uingereza ulibonyeza ukurasa wa 888 na maandishi yakaja. Teleteksti hukimbia kasi mno kwa VHS, kwa hiyo kwenye kanda ya kawaida herufi zilirudi zimevunjikavunjika au hazikurudi kabisa.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ushauri mwingi unaoupata mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Marekani, na hauhamii huku. Shemeji yako aliyeko Houston akikwambia anakutumia deki yake nzuri inayotunza maandishi, mshukuru, umwombe asihangaike. Mashine hiyo ni ya NTSC, mfumo wa runinga ya analojia wa Marekani, mistari 525, imeundwa kwa umeme wa volti 120. Sisi tulirithi mfumo wa PAL wa mistari 625 na umeme wetu ni volti 230. Hata ukipata transfoma, ule mstari wa 21 anaouzungumzia haumo kwenye matangazo yetu.

Tena sisi wa bara deki tuliijua kama kifaa cha kuchezea kanda. Kituo cha televisheni hatukuwa nacho hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Kanda za kukodi zilitangulia, matangazo yakafuata. Nadhani ndiyo maana mpaka leo muuzaji ukimwambia "kurekodi" anafikiria harusi. Niliwahi kuuliza duka moja karibu na soko kuu.

"Kaka, hiki king'amuzi kinarekodi?"

"Kinarekodi vizuri sana, dada. Unachomeka flashi tu."

"Na maandishi ya chini kinayatunza?"

"Maandishi gani tena, dada? Saa na tarehe vinaonekana."

Simlaumu. Hajawahi kuulizwa.

Sasa, kilichobadilisha mambo kwetu ni dijitali. Kuzima analojia kulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na leo tunapokea matangazo ya dijitali kwa antena (mfumo uitwao DVB-T2) au kwa dishi. Katika mfumo huu chaneli moja huja kama treni inayoingia stesheni yetu ya Tabora: kichwa kimoja, mabehewa mbalimbali, na hapa ndipo yanapokatwa, haya yaende Kigoma, yale Mwanza. Behewa la picha, behewa la sauti (wakati mwingine sauti mbili za lugha tofauti), na pale mrushaji alipoamua kulifunga, behewa la maandishi. Maandishi yenyewe hutumwa kama vipicha vidogo vya maneno, na king'amuzi huvibandika juu ya picha ukibonyeza rimoti.

Swali la kununua kwa hiyo ni moja: mashine inahifadhi mabehewa yote kama yalivyofika, au inachagua? King'amuzi kinachorekodi kwenye flashi kwa kawaida huandika faili la aina ya TS, yaani mkondo wenyewe bila kuupika upya. Kikiliandika kwa uangalifu, maandishi yamo. Lakini vipo vinavyochukua picha na sauti moja tu na kuacha mengine, na kwenye boksi hutaona hata neno moja la kukutahadharisha.

Pima hapohapo dukani. Mwambie muuzaji afungue chaneli ambayo menyu inaonyesha ina maandishi, kisha ayazime. Rekodi dakika chache yakiwa yamezimwa. Hiyo ndiyo siri ya jaribio lote, kwa sababu ukirekodi yakiwa yamewashwa hutajua kama kilichohifadhiwa ni mkondo wa maandishi au ni maneno yaliyobandikwa tayari juu ya picha. Cheza ulichorekodi, bonyeza rimoti, uone kama maneno yanakuja. Halafu chomoa flashi uiweke kwenye kompyuta, fungua faili kwa VLC (programu ya kuchezea video), tazama kwenye menyu kama njia ya maandishi imeorodheshwa. Isipokuwepo, rudisha king'amuzi kwenye boksi lake na umwambie ahsante. Muuzaji anayekataa kupimiwa, mwache na mali yake.

Ving'amuzi vya kulipia vina tatizo jingine. Vingi hufunga rekodi kwa msimbo, zikachezwa kwenye king'amuzi kilekile tu, na vingine hudai uwe umelipia kifurushi. Maandishi yanaweza kuwa salama kabisa humo ndani, lakini kikiungua kwa umeme kurudi na nguvu, maktaba yako imekwenda nacho. Kwa familia inayotaka kuweka vitu vya kudumu, mimi sivipendekezi.

Mashine za kurekodi DVD, ambazo bado zinaonekana kwenye mitumba ya elektroniki, zinavutia kwa bei. DVD ya dukani inaweza kubeba njia hadi 32 za maandishi, kwa hiyo watu hudhani mashine ya nyumbani nayo itazitengeneza. Haitengenezi. Inapokea picha kutoka king'amuzi kwa zile waya za nyekundu, nyeupe na njano, inaipika upya, basi. Kilichokuwa kikiwashwa na kuzimwa kimebaki kwenye king'amuzi. HDMI nayo ni hivyo hivyo, pamoja na ukubwa wa jina lake: inapitisha picha iliyokwisha kuandaliwa, na maandishi yanapita tu kama king'amuzi kimeyabandika tayari. Na chaneli nyingi za kulipia hufungwa kwa HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili, ukabaki unarekodi kioo cheusi.

Hapa kuna hoja ambayo sijaiona ikitajwa, nayo kwangu ni nzito kuliko ya diski. Taarifa zetu za habari zikimjali kiziwi, mara nyingi humpa mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya skrini kuliko maandishi. Kona ile ni ndogo. Ukiweka mashine ya DVD kwenye hali ya kurekodi muda wa saa sita kwa diski moja ili ubane matumizi, gigabaiti 4.7 zinagawanywa hadi kufikia takriban megabiti 1.7 kwa sekunde, na mashine nyingi hapo hupunguza hata ukubwa wa picha. Uso wa mtangazaji utautambua. Vidole vya mkalimani vitakuwa uji. Mtu asikiaji hatagundua kitu, atasema rekodi ni nzuri. Saa mbili kwa diski ndiyo mwisho wa kubana kwa habari yenye mkalimani. Faili la TS halina shida hii, kwa sababu hakuna kilichopikwa upya.

Najua jibu la mtu mwenye hasira: mbona chaneli zetu nyingi hazina maandishi ya kutunza? Ni kweli, na hakuna mashine ya kuokoa kisichorushwa. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja vipindi vya televisheni kwa jina, viwafikie watu katika namna wanayoweza kuitumia. Vituo na wanaovisimamia wasumbuliwe kuhusu hilo, kila siku. Ila sioni kwa nini mnunuzi asubiri. Chaneli za nje zenye maandishi tunazipokea leo, na king'amuzi utakachonunua sasa ndicho utakachokuwa nacho siku vipindi vyetu, kuanzia taarifa ya habari mpaka tamthilia, vitakapoanza kuandikwa Kiswahili chini.

Ukishakipata kinachofaa, usiharibu kazi nyumbani. Kijana wa steshenari yenye kompyuta atakushauri ubadilishe TS kuwa MP4 ili faili liwe dogo, na katika kubadilisha huko njia ya maandishi kwa kawaida inadondoka bila onyo lolote. Mwambie atumie MKV, aina nyingine ya faili, ambayo inaibeba. Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo mechi yenye dakika za nyongeza inaweza kukatwa vipande. Usishtuke, na usifute kipande cha pili ukidhani ni nakala. Umeme ukikatika, hakikisha saa ya king'amuzi imejirekebisha kabla hujategemea ratiba uliyoweka.

Mdogo wangu hakubaliani nami katika jambo moja. Mimi nataka faili kamili, njia zote ndani, wazime na wawashe watakavyo. Yeye anasema hayo ni mambo ya watu wenye kompyuta. Anataka maneno yachomwe kwenye picha, kwa sababu anavituma vipande hivyo kwa WhatsApp kwa wenzake aliosoma nao walioko Kigoma, na kwenye simu zao hakuna menyu ya kutafuta njia ya maandishi. Ana hoja, na kwa simu sina la kumjibu. Kwa hiyo siku hizi rekodi kamili inakaa kwenye diski yangu, na kwake anatoa nakala iliyochomwa. Wenzake wa Kigoma hawajawahi kuniulizia faili langu.