Kukodisha vifaa vya michezo: wikiendi moja tu inavuruga hesabu yote

Kuna hoja inazunguka sana siku hizi kwamba maduka ya vifaa vya michezo yaache kutegemea kuuza tu, yaanze kukodisha, eti hiyo ndo biashara endelevu, mteja anatoa hela kidogo, duka linaingiza kila mwezi na mazingira yanapona maana vitu vichache vinatengenezwa. Ukiisikia mara ya kwanza unaitikia tu. Mi mwenyewe niliitikia, ila nilipokaa na kalamu nikaona kuna sehemu hoja imesimama vizuri na kuna sehemu inaruka mtaro bila kutuambia kwamba hapo pana mtaro.

Nianze na pale iliposimama. Vifaa vingi vya michezo kazi yake kubwa ni kulala. Hema la kambi unalitumia siku nne tano kwa mwaka, siku zilizobaki liko juu ya kabati linanuka ukungu. Kayaki, kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kasia, ndo usiseme, hiyo hata pa kuiweka hakuna. Ski za kutelezea kwenye theluji, suti ya kuzamia, begi kubwa la safari za mlimani, vyote hivyo mtu ananunua akiwa na moto wa siku za kwanza, moto ukizima vinabaki kuchukua nafasi. Sasa kitu kikiwa ghali, kigumu, halafu kinatumika mara chache, kukodi kunaleta maana kabisa na wala sio ugunduzi mpya, kule milima ya Alps huko Ulaya watu wanakodi ski miaka na miaka, na kwenye kuzamia baharini mtalii anayesafiri na mtungi wake wa hewa watu watamshangaa, karibu wote wanaukuta huko huko wanakoenda.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa watoto. Mguu wa mtoto haumsubiri mzazi apate hela, buti la ski la mwaka jana mwaka huu haliingii. Ndo maana maduka mengi ya ski yanakodisha vya watoto kwa msimu mzima, unachukua msimu unapoanza, unarudisha ukiisha, mwakani unapewa saizi ya juu na ile ndogo inaenda kwa mtoto mwingine. Jozi moja inapita kwenye miguu ya watoto kadhaa kabla haijachoka. Na mzazi amekuja dukani mara mbili tu, kuchukua na kurudisha. Hizo safari mbili ziweke akilini, zina kazi huko mbele.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi sana ila kwangu ndo kizito kuliko vyote. Duka linalouza tu, kitu kikiharibika mapema halipati hasara, pengine linapata mteja kwa mara ya pili. Duka linalokodisha likinunua hema la zipu dhaifu, zipu hiyo ni yake, fundi ni wake na malalamiko ni yake. Kwa hiyo ghafla bosi yule yule aliyekuwa anatafuta mzigo wa bei chee anaanza kumuuliza mtengenezaji kama spea zinapatikana, mshono ukoje, kitambaa kinastahimili kufuliwa mara ngapi. Hapo hujamhubiria mtu mazingira hata kidogo, mfuko wake wenyewe umemhubiria.

Sasa twende kwenye mtaro.

Chukua duka lenye wateja 60 wa kukodi hema kwa mwaka. Wangekuwa wanakuja kwa kupishana, hema 5 zingewatosha wote, kila moja inatoka mara 12. Ila watu hawaji hivyo. Sikukuu ni moja, likizo ni moja, hali ya hewa nzuri ni ile ile kwa wote, na katika hao 60 unakuta 40 wanataka hema wikiendi moja. Ukitaka kuwahudumia inabidi uwe na hema 40. Maana yake hema 40 zinafanya kazi mara 60 kwa mwaka, yaani kila hema inatoka mara moja na nusu. Lile la juu ya kabati nyumbani linaweza kuwa linafanya kazi kuliko hili! Umehamisha tu usingizi wa hema kutoka chumbani kwa mteja kwenda stoo ya duka, na stoo unailipia kodi.

Tuweke na namba za hela, za kubuni tu ili tuelewane. Duka linanunua hema kwa 70, linauza 100, linakodisha kwa 15. Ukiwa na hema 5 umetoa 350 na kwa mwaka umeingiza 900, hiyo ni dili. Ukiwa na 40 umetoa 2,800 na umeingiza 900 ile ile, itakuchukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha mtaji kabla hujamlipa anayefua, anayekausha, anayehesabu vigingi kama vimerudi vyote (havirudi vyote). Hizo hema 40 ungeziuza ungeshapata 1,200 za faida na hela iko mkononi. Wateja ni wale wale 60, kilichobadilika ni siku wanayokuja. Kwa hiyo mtu akiniambia kukodisha kunalipa au hakulipi kabla hajaniambia wateja wake wanakuja lini, bado hajaniambia kitu.

Na tusijidanganye kwamba neno kukodi lenyewe linapunguza vitu duniani. Ofo, kampuni ya China iliyoanza 2014, ilileta baiskeli za kukodi kwa simu, zikamwagwa mitaani kwa mamilioni ili zisikosekane kila mtu anapozihitaji, mwisho wa 2018 watu zaidi ya milioni 10 walikuwa kwenye foleni ya kudai dipoziti zao na baiskeli zimerundikwa kwenye viwanja kama vyuma chakavu. Ni mtaro ule ule, ila huu ulichimbwa kwa mtaji mkubwa.

Hata pale ambapo vitu vinazunguka vizuri, kuna suala la safari. Mwaka 2021 watafiti wa Finland walilinganisha njia tofauti za kutumia suruali ya jinzi, kuvaa na kutupa, kuivaa muda mrefu zaidi, kuiuza mtumba, kuirejeleza kiwandani, na kuikodi. Iliyofanya vizuri ni kuivaa muda mrefu. Kukodi ndo kukashika mkia, sababu kubwa ikiwa usafiri wa kwenda kuchukua na kurudisha. Najua jinzi sio kayaki, kitu kikubwa kikitengenezwa kinakula malighafi nyingi kwa hiyo safari moja ya gari haiumizi kwa kiwango kile kile, ila somo linabaki pale pale. Mtu anayewasha gari kwenda kuchukua raketi ya kuchezea kwa saa mbili tu kisha anairudisha jioni hajaokoa chochote. Ndo maana nikasema zile safari mbili za mzazi zikae akilini, msimu mzima kwa safari mbili hiyo hesabu inasimama.

Suala la usalama nalipitia haraka. Vile vishikio vinavyofunga buti kwenye ski vinarekebishwa kwa kila mtu kufuata uzito, urefu, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti, unahitaji fundi aliyefunzwa, sio kijana wa kaunta. Helmeti ya baiskeli povu lake la ndani limetengenezwa kupokea kishindo kimoja, ikishagonga imekwisha hata kama kwa nje inang'aa, na mteja aliyeanguka nayo mara nyingi hasemi. Kamba ya kupandia miamba ndo kabisa, huwezi kuikagua ukajua yote iliyopitia.

Wafanyabiashara wengi wanaogopa kwamba kukodisha kutaua mauzo. Mi hilo silipi uzito sana. Aliyekodi mara mbili akapenda, ukimwambia hela ya kukodi tutaikata kwenye bei anunue, huyo ni mteja aliyejiuza mwenyewe. Na kifaa cha kukodisha kina mlango wa pili wa hela, mwisho wa msimu unakiuza kama mtumba kikiwa bado kina nguvu, na ukikitunza vizuri huko ndo unaweza kukuta faida yako halisi.

Kinachonipa shida zaidi ni Sweden. Kule kuna Fritidsbanken, ilianza 2013, inafanya kazi kama maktaba, watu wanatoa vifaa ambavyo hawavitumii na yeyote anaazima bure kwa siku 14. Hapo kwa kawaida kitu kipya hakinunuliwi ili kiazimishwe, vinavyozunguka vingi ni vilivyokuwa vimelala. Kwa mizani ya mazingira peke yake sioni duka linashindanaje na hiyo. Ila maktaba nayo haina biashara ya kulipa mishahara kutokana na mapato ya ski, na haikuahidi kuwa nayo, kwa hiyo anayetaka biashara na anayetaka kupunguza vitu wanatakiwa wakubali kwamba wakati mwingine wanataka vitu viwili tofauti.

Ningekuwa na duka ningeanza na vifaa vya watoto kwa msimu, na kayaki kwa atakayekubali kuja katikati ya wiki kwa bei ya chini. Hema ningebaki nazo 5 za kukodisha, za wikiendi ya sikukuu zikiisha zimeisha, wa sita nitamuuzia au aende kwa jirani. Kamba ya kupandia miamba hata uje na dipoziti mara tatu sikukodishii.