Mbishi Naye Ana Kazi Yake

Ukitaka kumzima mtu kikaoni bila kujibu hoja yake, mwite mbishi. Wenzake watacheka kidogo, mwenyekiti atasema tuendelee, na hoja itabaki mezani haijaguswa. Wanaolitumia neno hilo si watu wabaya. Wanaamini kile tunachokiamini wengi, kwamba ushindani hutia vumbi machoni, na kwamba ukweli huonekana watu wanapotulia, wakasikilizana, wakaelewana. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi ni ukweli wenyewe. Naiheshimu imani hiyo, lakini naona inamwonea mtu tunayemhitaji sana.

Mwaka 1818 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilikuwa na shindano kuhusu tabia ya mwanga. Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara, alipeleka andiko akidai kwamba mwanga husafiri kama mawimbi. Kati ya majaji watano, watatu walikuwa wa kambi iliyoamini kuwa mwanga ni chembe, na mmoja wao alikuwa Siméon Denis Poisson, bingwa wa hesabu. Poisson hakumpuuza Fresnel. Alizichukua hesabu zake, akazisukuma mbele kuliko mwenyewe alivyofika, akakuta jambo la ajabu: kama ni za kweli, basi ukiweka kisahani cha mviringo mbele ya mwanga, katikati kabisa ya kivuli chake lazima ing'ae nukta. Mwanga ndani ya moyo wa kivuli! Kwake hilo lilitosha kuiangusha nadharia nzima.

Jaji mwenzake, François Arago, aliona heri kuangalia. Alitwaa kisahani cha metali chenye upana wa milimita 2, akakigandisha kwenye kioo kwa nta, akapitisha mwanga, kisha akachungulia kivuli. Nukta ilikuwepo. Mwaka 1819 Fresnel akapewa tuzo.

Nimelitafakari tukio hili mara nyingi, na kinachonigusa ni nani aliyebuni jaribio. Hakuwa rafiki wa Fresnel. Rafiki angelisoma andiko, akalisifu, akalirudisha. Ilimhitaji mtu aliyetamani lianguke, tena mwenye akili ya kutosha kutafuta mahali hasa pa kulisukuma. Kiswahili kinasema anayegonga mlango wa watu anabisha hodi, na anayepinga hoja naye anabisha. Poisson alibisha kwa maana zote mbili.

Upande wa pili nao una kesi nzito. Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani waligombania nani alitangulia kuvumbua kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko. Mwaka 1712 jopo la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi mjini London, lilitoa ripoti ya kumpa haki Newton. Rais wa jumuiya hiyo alikuwa Newton mwenyewe, na ni yeye aliyekuwa ameiandaa ripoti hiyo nyuma ya pazia. Kwa karibu karne nzima wanahisabati wengi wa Uingereza walizing'ang'ania alama za Newton za kuandikia hesabu hizo, huku wenzao wa bara la Ulaya wakisonga mbele kwa alama za Leibniz zilizokuwa rahisi zaidi kutumia. Hapo nyasi ziliumia kweli.

Tena mgongano hauwatendei watu wote sawa. Mwenye sauti kubwa hushinda asubuhi, na ukweli hufika jioni watu wameshatawanyika. Nimewahi kukaa kando ya mtu aliyekuwa na hesabu sahihi kwenye karatasi, ameikunja mara nne, na kikao kikaisha hajaifungua, kwa sababu aliyesema kabla yake alikuwa amechanwachanwa mbele ya wote. Sina jibu jepesi kwa hilo.

Lakini takwimu wanayoipenda wapinzani wa ushindani, mimi naisoma kinyume chao. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo ni vigumu kuyaeleza kwa bahati tu. Ziliporudiwa, zilikuwa asilimia 36 tu. Kutoka 97 hadi 36! Hii haina maana kwamba zote nyingine ni uongo. Hata anayerudia anaweza kukosea. Ila pengo ni kubwa mno kulifumbia macho. Wengi wakasema: mnaona, mbio za kutafuta vyeo na majina zimeua ukweli.

Mbio zilikuwepo, sikatai. Swali langu ni walikuwa wanashindana na nani, na kwa kitu gani. Walishindana kuchapisha. Kila mmoja alikimbia kwenye njia yake, akiwaza kufika kwanza, na aliyetaka kukagua dai la mwenzake alijua kazi hiyo haitampa cheo. Majarida yalitaka jipya, si marudio. Kwa hiyo madai yalikaa miaka bila mtu wa kuyabishia. Hebu fikiri unavyojumlisha hesabu ukijua hakuna atakayeipitia, na unavyoijumlisha ukijua kesho kuna mtu atakayeirudia kwa hamu ya kukuta kosa. Mara ya pili unarudi juu, unaanza upya. Watafiti wale walikuwa na washindani wengi wa nafasi, lakini mpinzani wa hoja hawakuwa naye, na alipokuja hatimaye ndipo pengo likaonekana.

Hata ugomvi wa kalkulasi ukiutazama hivi, tatizo unalikuta kwenye kiti cha hakimu. Kwa Fresnel hakimu alikuwa kivuli, ambacho hakikujali wingi wa kura. Kwa Leibniz, hakimu alikuwa mshindani wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein. Kahneman alijenga jina kwa kuonyesha jinsi hisia za haraka zinavyotupotosha. Klein alijenga lake kwa kuchunguza makamanda wa zimamoto wanaozitegemea hisia hizohizo na kuokoa watu. Badala ya kurushiana makala, walikaa miaka kadhaa wakitafuta mpaka: ni wapi hasa hisia ya mtaalamu iaminiwe? Mwaka 2009 walichapisha jibu pamoja. Iaminiwe pale mazingira yanapokuwa na utaratibu unaojirudia, na mtu amepata muda wa kuujifunza kwa kuona matokeo ya maamuzi yake. Kamanda wa zimamoto anaingia humo. Anayebashiri bei ya hisa haingii. Kila mmoja alikuwa ameishika nusu ya jibu kwa miaka, na hadi wanachapisha bado walitofautiana mioyoni: mmoja akimsikia mtaalamu hufurahi kwanza, mwingine hutilia shaka kwanza.